Seva ya Nyumbani ya Kupakua na Kugawana Faili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mtu anayetaka kompyuta moja ikae nyumbani ikiwa imewashwa muda wote, ipakue faili kubwa yenyewe, izihifadhi, kisha simu, laptopu na televisheni za nyumbani zizisome kupitia mtandao wa ndani. Amri zote ni za Debian, mfumo mmojawapo wa Linux. Kwenye Ubuntu na Raspberry Pi OS tofauti ni ndogo sana.

Nina laptopu ya zamani kabatini. Inatosha?

Inatosha, na mara nyingi ndiyo chaguo bora kuliko kununua kitu kipya. Kazi ya kupakua na kugawana faili haihitaji nguvu: prosesa ya biti 64 yenye viini viwili na RAM ya GB 2 zinatosha, na GB 4 ni raha. Laptopu ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika kidogo haizimiki. Tena ina skrini na kibodi za kukuokoa siku ambayo mtandao wa seva umekataa.

Mambo mawili yashughulikiwe mapema. La kwanza ni kifuniko: ukikifunga, laptopu inalala. Fungua `/etc/systemd/logind.conf`, weka `HandleLidSwitch=ignore`, kisha washa upya. Kama uliweka Debian yenye mazingira ya picha, zuia usingizi kabisa kwa `systemctl mask sleep.target suspend.target`. La pili ni betri yenyewe. Betri inayokaa kwenye chaja mwaka mzima ikiwa imejaa asilimia 100 huchoka upesi, na iliyozeeka inaweza kuvimba. Laptopu nyingi zinakubali kikomo cha kuchaji kupitia faili `charge_control_end_threshold` iliyo chini ya `/sys/class/power_supply/BAT0/`, andika 80. Betri ikishaanza kuinua kibodi au padi ya kugusa, iondoe siku hiyo hiyo.

Je, Raspberry Pi?

Inafaa, kuanzia Pi 4 kwenda juu, kwa sababu hapo ndipo zilipopata USB 3.0 na mtandao kamili wa gigabiti. Shida yake kubwa ni umeme. Pi 4 inatoa jumla ya ampea 1.2 kwa poti zote za USB. Pi 5 yenye chaja ya ampea 3 inatoa ampea 0.6 tu, na inafika 1.6 ukiipa chaja yake ya ampea 5. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa sekunde chache, volti inashuka, diski inakatika na faili zinaharibika. Endesha `vcgencmd get_throttled`: jibu la `0x0` ni salama, lakini `0x50000` maana yake volti ilishashuka tangu ulipowasha. Dawa ni diski yenye chaja yake, au habu ya USB yenye chaja yake. Kubadilisha programu hakutasaidia kitu.

Itakula umeme kiasi gani?

Zidisha wati kwa 8.76, utapata uniti za mwaka mzima. Pi au kompyuta ndogo inayotumia wati 10 itakula uniti 88 hivi kwa mwaka. Kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia wati 60 bila kazi yoyote itafika uniti 525. Ndiyo maana kompyuta ya mezani ya bure inaweza kukugharimu kuliko laptopu ya kununua.

Ninunue diski ya aina gani?

Kwa mfumo wenyewe, SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya GB 120 au hata 64. Kwa faili, diski nyingine tofauti, na utenganisho huu usiuache. Diski ya faili ikijaa, mfumo unaendelea. Ukiharibu mfumo, faili zako hazijaguswa.

Ukichukua diski ya kuzunguka, angalia kwenye maelezo ya mtengenezaji kama ni CMR au SMR, njia mbili za kuandika data. SMR huandika mistari yake ya data (tracks) ikipandana kidogo, kwa hiyo kubadilisha kipande kimoja kunailazimisha iandike upya eneo zima. Ukiinakilia filamu moja ndefu haionyeshi tatizo. Torenti (kupakua faili kwa vipande kutoka kwa kompyuta za watu wengi), ambayo huandika vipande vidogo huku na kule, ikishajaza akiba yake ya ndani, mwendo unaweza kuporomoka hadi megabaiti chache kwa sekunde na kompyuta ikaonekana imeganda. Kwa seva ya kupakua, chagua CMR.

Usishangae diski ya TB 1 ikionekana ina GB 931. Mtengenezaji anahesabu kwa 1000, programu nyingi zinahesabu kwa 1024. Hakuna kilichoibiwa.

Niache diski kwenye NTFS au exFAT ilivyokuja?

Hapana. Ifomati iwe ext4, mpangilio wa faili wa Linux (ukishanakili vilivyomo kwingine, kwani kufomati kunafuta kila kitu). NTFS na exFAT hazihifadhi ruhusa za Linux inavyotakiwa, na sehemu kubwa ya usumbufu wa ruhusa unaosomwa hapa chini inatokana na hapo. FAT32 haikubali faili inayofika GB 4. Kompyuta za Windows hazitaona tofauti yoyote, maana zinaongea na Samba, programu ya seva inayogawa faili, kupitia mtandao. Hazigusi diski moja kwa moja.

Baada ya kufomati, kumbuka kwamba ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu. Kwenye diski ya TB 4 hiyo ni GB 200 zisizotumika. Kwenye diski ya faili tupu unaweza kuzirudisha: `tune2fs -m 0 /dev/sdb1`. Usifanye hivyo kwenye diski ya mfumo.

Naiunganishaje diski ili iwe pale pale kila nikiwasha?

Usitumie jina la `/dev/sdb1` kwenye mipangilio ya kudumu. Ukichomeka flashi kabla ya kuwasha, diski inaweza kuamka ikiitwa `sdc1`. Tumia UUID, namba ya kipekee ya diski, unayoipata kwa `blkid`. Tengeneza folda `/srv/data`, kisha ongeza mstari huu kwenye `/etc/fstab`:

`UUID=namba-yako /srv/data ext4 defaults,noatime,nofail 0 2`

Jaribu kwa `systemctl daemon-reload` na `mount -a` kabla ya kuzima. Neno `nofail` ni la lazima: bila hilo, diski ikichomoka, seva inakwama katika hali ya dharura ikisubiri kibodi, na wewe huna skrini.

Lakini `nofail` inaleta hatari nyingine, na hii ndiyo inayowapata wengi. Diski isipoonekana, `/srv/data` inabaki kuwa folda ya kawaida iliyo kwenye SSD ndogo ya mfumo. Programu ya kupakua haijui. Inaandika humo humo mpaka SSD inajaa, kisha kila kitu kinakataa. Diski ikirudi, faili zile zinafichwa chini yake na unabaki ukijiuliza nafasi imekwenda wapi. Zuia kwa njia mbili. Diski ikiwa imeondolewa kwa `umount /srv/data`, funga folda tupu kwa `chattr +i /srv/data`, kisha uirudishe diski kwa `mount -a`. Kuanzia hapo hata mtumiaji mkuu hawezi kuandika humo diski isipokuwepo. Kisha, ukishaweka Transmission (programu ya kupakua inayoelezwa hapa chini), endesha `systemctl edit transmission-daemon`, uweke:

`[Unit]`
`RequiresMountsFor=/srv/data`

Sasa programu haitaanza bila diski.

Nipange folda na ruhusa vipi?

Hapa tumia dakika ishirini za utulivu, maana ukikosea utarudi kila wiki. Kuna watumiaji wawili wa aina tofauti wanaogusa faili zile zile: programu ya kupakua, ambayo kwenye Debian inaendeshwa na mtumiaji `debian-transmission`, na watu wa nyumbani wanaoingia kwa Samba. Waunganishe kwa kundi moja.

`groupadd familia`
`usermod -aG familia debian-transmission`
`usermod -aG familia jina-lako`
`mkdir -p /srv/data/inapakuliwa /srv/data/gawa`
`chown -R root:familia /srv/data/inapakuliwa /srv/data/gawa`
`chmod 2775 /srv/data/inapakuliwa /srv/data/gawa`

(Amri ya pili inahitaji Transmission iwe imeshawekwa, kwa sababu ndiyo inayomtengeneza mtumiaji huyo.) Ile 2 ya mwanzo katika 2775 inafanya kila faili mpya irithi kundi la folda, si kundi la aliyeitengeneza. Bila hiyo, faili zilizopakuliwa zitakuwa mali ya `debian-transmission` peke yake, na mtu akitaka kufuta filamu kutoka kwenye laptopu yake anaambiwa hana ruhusa.

Folda zote mbili ziwe kwenye diski moja. Kuhamisha faili ya GB 20 ndani ya diski moja ni suala la kubadilisha jina, linaisha papo hapo. Kutoka diski hadi diski ni kunakili upya kwa dakika kadhaa.

Samba inawekwaje?

`apt install samba`, kisha mwishoni mwa `/etc/samba/smb.conf` ongeza:

`[hifadhi]`
`path = /srv/data/gawa`
`valid users = @familia`
`read only = no`
`force group = familia`
`create mask = 0664`
`directory mask = 2775`

Kagua kwa `testparm`, kisha `systemctl restart smbd`. Nywila za Samba ni tofauti na zile za Linux, kwa hiyo kila mtu anahitaji `smbpasswd -a jina-lake`. Kwenye Windows andika `\\192.168.1.50\hifadhi` ukitumia anwani ya seva yako. Kwenye Mac ni `smb://192.168.1.50/hifadhi`.

Anwani hiyo isibadilike. Ingia kwenye ruta na uiambie iipe seva anwani ile ile siku zote kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao (MAC). Ni salama kuliko kuiandika ndani ya seva, ambako inaweza kugongana na simu ya mgeni.

Windows inakataa nywila wakati nina hakika ni sahihi.

Chanzo cha kawaida: Windows haikubali majina mawili tofauti ya mtumiaji kwenye seva moja kwa wakati mmoja. Ukishafungua folda moja kwa jina moja, jina la pili linakataliwa. Fungua dirisha la amri, andika `net use * /delete`, ujaribu tena. Chanzo kingine ni kujaribu kuingia kama mgeni bila nywila. Windows za siku hizi zimefunga njia hiyo kwa sababu nzuri. Usirudishe SMB1, toleo la kale la lugha ambayo Windows na Samba hutumia kugawana faili, eti ili mambo yaende. Mnamo Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani kupitia udhaifu wa SMB1 hiyo hiyo.

Majina ya faili yanaonekana ya ajabu kwenye Windows, kama `A8KX2~1`.

Linux inaruhusu alama kama `:` `?` na `*` kwenye majina, Windows haizikubali, hivyo Samba inatunga jina fupi badala yake. Badilisha jina upande wa seva.

Nitumie programu gani ya kupakua?

Transmission ni nyepesi na inasimamiwa kwa kivinjari. qBittorrent ina vipengele vingi zaidi na ina toleo lisilohitaji skrini. Kwa faili za kiungo cha kawaida, aria2 inafanya kazi vizuri sana na inaendelea pale ilipokatikia. Anza na Transmission: `apt install transmission-daemon`, kisha ukurasa wake uko kwenye poti (mlango wa mtandao) 9091 ya seva.

Ukurasa ukikujibu 403, anwani yako haimo kwenye `rpc-whitelist`, orodha ya anwani zinazoruhusiwa iliyo ndani ya `settings.json`; ongeza `192.168.1.*` au safu ya mtandao wako. Ukijibu 421, umeingia kwa jina la seva badala ya namba. Liongeze jina hilo kwenye `rpc-host-whitelist`. Na nywila iliyokuja na kifurushi ibadilishe siku hiyo hiyo.

Nabadilisha `settings.json`, lakini nikiwasha upya yanarudi yaleyale!

Transmission huandika upya faili hiyo kila inapozimwa. Ukibadilisha wakati inaendelea kisha ukaizima, inafuta kazi yako. Utaratibu ni: `systemctl stop transmission-daemon`, badilisha `/etc/transmission-daemon/settings.json`, kisha `systemctl start transmission-daemon`. Humo weka folda zako mbili, `inapakuliwa` na `gawa`, na `umask` iwe 2 kama toleo lako ni la 3, au `"002"` ndani ya alama za kunukuu kwa toleo la 4. Bila kugusa `umask`, faili zinatoka bila ruhusa ya kundi kuandika, na kazi yote ya 2775 inakuwa nusu.

Nikianza kupakua, intaneti ya nyumba nzima inakufa. Kwa nini?

Mara nyingi kosa liko upande wa kupakia. Kila unapopokea data, kompyuta yako hurudisha vijibu vidogo vya kuthibitisha kwamba imefika. Torenti ikijaza njia ya kutoka, vijibu hivyo vinakwama kwenye foleni ya ruta, na hata ukurasa mwepesi haufunguki. Pima kasi ya kupakia, kisha wekea kikomo cha asilimia 80. Mfano: megabiti 10 kwa sekunde ni kilobaiti 1250 kwa sekunde, kwa hiyo weka 1000. Ruta dhaifu pia huzidiwa na wingi wa miunganisho; punguza idadi ya jumla kutoka 200 hadi 80 hivi uone. Transmission inakuruhusu pia kuweka kasi ndogo kwa saa za mchana na kuiachia usiku.

Kunakili faili kutoka kwenye seva kunagota kwenye MB 11 kwa sekunde.

Namba hiyo ni alama ya megabiti 100. Gigabiti hutoa MB 110 hivi. Endesha `ethtool` ukitaja kadi yako ya mtandao na usome mstari wa `Speed`. Ukikuta `100Mb/s`, mshuku waya kwanza: gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyuzi, na jozi moja ikikatika au pini moja ikiwa haijakaa, vifaa vinakubaliana kushuka hadi 100 bila kukwambia. Waya wa Cat 5e mzima unatosha kwa mita 100. Kama waya ni mzima, angalia soketi za ruta yenyewe. Nyingi za bei nafuu bado ni za 100. Seva isiwe kwenye Wi-Fi kama unaweza kuepuka, maana kila faili inayotoka kwenye seva kwenda kwenye simu itapita hewani mara mbili.

Nimefungua poti kwenye ruta, lakini Transmission inasema imefungwa.

Transmission hutumia poti 51413. Kabla ya kuhangaika, linganisha anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta na ile unayoonyeshwa na tovuti za kuangalia anwani. Zikitofautiana, na hasa ya ruta ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti unayofungua kwako haifiki popote. Omba anwani ya umma, au tumia IPv6 kama unayo. Torenti zenyewe zitaendelea. Utakosa tu kuunganishwa na wale ambao nao wamefungiwa.

Nawezaje kuzifikia faili nikiwa nje ya nyumba?

Kwa WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuingia mtandao wa nyumbani. Imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, inahitaji poti moja tu, 51820 ya UDP, na haijibu chochote kwa asiye na ufunguo, hivyo wapekuzi hawaioni. Ukiwa nyuma ya anwani ya pamoja, Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard, inapenya bila kufungua poti.

Usifungue poti 445 ya Samba wala 9091 kwa intaneti. Hata kwa siku moja, hata kwa nywila ndefu. Poti hizi hupekuliwa na mashine mchana na usiku.

Nikiweka diski mbili kwa RAID 1, bado nahitaji nakala rudufu?

Ndiyo. RAID 1, inayoandika kila kitu kwenye diski zote mbili, inakukinga dhidi ya kufa kwa diski moja basi. Ukifuta folda kwa makosa, inafutwa pande zote mbili sekunde hiyo hiyo. Chaja ikileta umeme mbaya, zote mbili zinaungua pamoja. Kwa nyumba nyingi, fedha ya diski ya pili inafanya kazi zaidi kama diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki, ikapokea `rsync -a /srv/data/gawa/ /mnt/nakala/`, kisha ikachomolewa na kuwekwa kwingine. Ukiongeza `--delete`, tanguliza `-n` ili uone itakachofuta. Mkwaju (`/`) wa mwisho wa njia ya kwanza una maana: ukiusahau, rsync inanakili folda yenyewe ndani ya nakala badala ya vilivyomo.

Torenti unazoweza kupakua tena usizinakili. Picha za familia ndizo za kulindwa, na hizo ziwe na nakala nyingine nje ya nyumba.

Nitajuaje diski inakaribia kufa?

`apt install smartmontools`, kisha `smartctl -a /dev/sdb`. Kwa diski ya USB huenda ukahitaji kuongeza `-d sat`. Katika orodha ya vipimo itakayotokea, tazama namba za 5, 197 na 198. Ya 197, sehemu za diski zinazoshukiwa kuharibika, ikitoka sifuri na kuendelea kupanda, nakili faili zako leo. Ya 199 ikipanda peke yake, diski ni nzima na mgonjwa ni waya wa SATA, ubadilishe. Jaribio refu la `smartctl -t long` huchukua saa kadhaa kwa diski kubwa, lifanye mara moja kwa mwezi.

Umeme ukirudi, seva itawaka yenyewe?

Raspberry Pi huwaka. Kompyuta nyingine zinahitaji kuambiwa: ingia kwenye BIOS, tafuta kipengele kinachohusu kurudi kwa umeme, uchague iwake. Kama kwenu umeme hukatika mara kwa mara, UPS ndogo iwahudumie seva na ruta pamoja.

Kupakua kwa torenti ni halali?

Teknolojia yenyewe, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, ni halali; kinachohukumiwa ni faili. Debian na LibreOffice hutoa torenti zao rasmi, Internet Archive pia, na Wikipedia nzima hupatikana hivyo kwa ajili ya Kiwix, ambayo seva yako inaweza kuisambaza nyumbani bila intaneti. Filamu na muziki wenye hakimiliki ni jambo jingine, na ujue kwamba torenti inapakia wakati inapakua: mbele ya sheria za nchi nyingi hujapokea tu, umesambaza.